Mwalimu wa Kiswahili apewe ujuzi wa kufunza kwa teknolojia, si vifaa vitupu

NILIKUWA nimeketi dawati la nyuma katika shule moja ya sekondari, si mbali na soko la Nchiru, fomu ya tathmini ikiwa mapajani. Kijana niliyekuja kumkagua alikuwa katika mazoezi ya ufundishaji. Somo lilikuwa matamshi, na mada ndogo ilikuwa vitate vya sauti b na mb, d na nd, g na ng. Alikuwa amejihami kwelikweli: kipakatalishi, projekta ya kuazima, waya mrefu wa umeme na slaidi 38.

Dakika 12 za mwanzo zilipotelea katika kuunganisha waya. Hatimaye mwanga ukatokea ukutani, wanafunzi wakapiga makofi, naye akaanza kusoma slaidi moja baada ya nyingine. Doa na ndoa. Buni na mbuni. Goma na ngoma. Wanafunzi wakanakili kimya kimya. Hakuna aliyeombwa kutamka neno hata moja. Alipofika slaidi ya 20 hivi, stima ikapotea. Kijana wa watu akasimama, akautazama ukuta, kisha akanigeukia mimi mkaguzi: "Sasa Prof, nifanye nini?"

Swali hilo limenikaa rohoni hadi leo. Chaki ilikuwepo. Ubao ulikuwepo. Wanafunzi zaidi ya 40 walikuwepo, kila mmoja na kinywa chake na masikio yake. Vyote vilivyohitajika kufunza vitate vilikuwa mle darasani, lakini somo likafa pamoja na stima. Na nikisema kweli, mpenzi msomaji, somo lile lilikuwa limekufa hata kabla ya stima kupotea.

Nieleze kwa nini. Katika Kimeru na Kiembu, kama ilivyo katika Gikuyu, sauti d haisimami peke yake kama inavyosimama katika Kiswahili. Huandamana na king'ong'o, ikawa nd. Herufi b na g nazo zipo katika maandishi ya lugha hizi, lakini zikiwa peke yake hutamkwa kwa kukwaruza hewa, si kwa kuifungia na kuiachilia ghafla. Ndiyo sababu mtoto wa Tigania, wa Imenti au wa Runyenjes anaweza kukwambia ameona "ngari" barabarani, au kwamba "ndanda" yake yuko nyumbani. Huyo si mtoto mjinga. Anafanya kile ambacho lugha ya mama imeuzoesha ulimi wake. Wakati huohuo, mpe kalamu aandike, ataandika "gari" na "dada" bila kosa lolote.

Basi tatizo liko katika sikio na ulimi, haliko katika herufi. Slaidi ile ilionyesha nini? Herufi. Yaani iliwaonyesha wanafunzi jambo walilokuwa wakilijua tayari, na ikawanyima jambo walilolihitaji: kusikia tofauti, kujaribu kuitamka, kisha kujisikia wenyewe kama wamefaulu.

Sasa nitoe kisa cha pili. Katika shule moja ya msingi upande wa Embu nilimkuta mwalimu wa makamo ambaye hakuna mtu angemwita bingwa wa teknolojia. Alikuwa na simu yake ya mkono na spika ndogo ya kuchaji, basi. Mada ni hiyohiyo ya vitate. Aliwatoa watoto wanane nje ya darasa mmoja mmoja, kila mmoja akasoma maneno matano kutoka kwenye kikaratasi, naye akayarekodi. Kisha aliyachezesha mbele ya darasa zima bila kutaja sauti ni ya nani. Kazi ya darasa ilikuwa kuandika neno walilosikia: ni doa au ni ndoa? Ni guo au ni nguo?

Jameni, darasa lilichangamka! Wengine waliandika hivi, wengine vile, wakabishana, wakaomba wachezewe tena. Msichana mmoja akajisikia mwenyewe na kusema kwa mshangao, "Kumbe mimi ndivyo husema!" Somo lilichukua dakika 35. Nilihesabu muda ambao simu ilitumika mbele ya darasa: haukuzidi dakika saba. Hapakuwa na bando wala projekta. Mwishoni mwalimu alizifuta rekodi zote watoto wakiona, ili sauti ya mtu isije ikazurura mitaani.

Tofauti ya masomo haya mawili ndiyo hoja yangu ya leo. Yule kijana alitumia vifaa vya maelfu ya shilingi kufanya kazi ambayo chaki ingeifanya vizuri zaidi. Yule mama alitumia simu kufanya kazi ambayo chaki haiwezi kuifanya kabisa: kumrudishia msemaji sauti yake mwenyewe aisikilize kama mgeni. Mmoja alianza na kifaa akakitafutia somo. Mwingine alianza na ugumu wa somo akautafutia kifaa.

Wasomi walikwisha kulitafiti jambo hili. Mwaka 1986, Lee Shulman wa Marekani alieleza kwamba kulijua somo ni jambo moja, kujua mbinu za kufunza kwa jumla ni jambo la pili, na kujua jinsi ya kufunza somo *hilo* kwa wanafunzi *hao* ni ujuzi wa tatu unaojitegemea. Mtu anaweza kuwa gwiji wa fonolojia na ashindwe kumsaidia mtoto anayesema "ngari". Mwaka 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State wakaongeza nguzo ya teknolojia juu ya hoja ya Shulman. Walisisitiza kwamba ujuzi wa teknolojia haufai kufunzwa kando kana kwamba ni somo geni. Lazima usukwe pamoja na somo lenyewe na mbinu ya kulifunza, kama nyuzi tatu za ukili mmoja. Ukizitenganisha, huna ukili, una majani.

Naye Larry Cuban wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha kitabu mwaka 2001 kuhusu shule za Silicon Valley kwenyewe, ambako kompyuta hizi zinatoka. Aligundua kwamba hata huko, penye vifaa tele, walimu wengi walivitumia kwa nadra darasani, na waliovitumia walivitumia kuendeleza mazoea yaleyale ya zamani. Kama vifaa pekee havikubadilisha ufunzaji Silicon Valley, vingefanya muujiza gani Tigania?

Hapa kwetu tulichagua njia ya vifaa kwanza. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Baada ya mizozo ya zabuni, ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na kuanzia mwaka 2016 vikaanza kusambazwa chini ya Mpango wa Elimu ya Kidijitali. Vilipita milioni moja. Shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta moja, na seva ya kuhifadhia maudhui. Maelfu ya shule za msingi ziliunganishwa na umeme kwa ajili hiyo. Sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Kuna shule ambazo zilipata taa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpango huo, na hilo si jambo dogo.

Lakini hebu tuangalie tulichokihesabu. Tulihesabu vishikwambi vilivyofika. Tulihesabu shule zilizofikiwa. Hatukuhesabu masomo yaliyobadilika. Kisha, mapema mwaka 2019, Mtaala wa Umilisi ukaanza kutekelezwa kitaifa katika gredi za chini, na kifaa kilichotayarishwa kwa darasa la kwanza la mfumo wa 8-4-4 kikajikuta katika nyumba yenye mwenyeji mwingine. Ujuzi wa kidijitali ukatajwa kuwa mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi. Mwalimu akaambiwa aukuze kwa mwanafunzi. Nani aliyeukuza kwa mwalimu?

Ninapowauliza walimu wanaokuja kwangu kwa masomo ya juu walifunzwa nini kuhusu vifaa hivyo, wengi hunijibu kwa kicheko: tulifunzwa kuwasha, kuchaji, kuzima na kufungia kabatini visiibwe. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Mimi naongeza kwamba tulimpa mwalimu upele, tukasahau kwamba kucha huota polepole.

Majirani zetu Tanzania walijaribu njia nyingine. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu. Napenda mantiki ya kuanza na mwalimu. Hata hivyo swali ni lilelile kwao na kwetu: mwalimu akishapewa, Jumatatu saa mbili asubuhi atafanya nini nacho katika somo la ngeli?

Huenda wasomaji vijana wakadhani huyu mzee anaionea teknolojia wivu. La hasha. Mimi nilifunzwa na teknolojia. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, tulikuwa na redio moja ya betri iliyokuwa ikiwekwa juu ya meza ya mwalimu kwa heshima kama mgeni wa serikali. Vipindi vya shule vilitangazwa na Sauti ya Kenya. Mwalimu wetu alikuwa na kijitabu kilichomwambia kipindi kitahusu nini, maneno gani magumu ayaandike ubaoni kabla ya kipindi kuanza, na maswali gani atuulize baada ya kipindi kwisha. Redio ilizungumza dakika chache tu. Kabla yake mwalimu alitutayarisha, na baada yake mwalimu alitubana kwa maswali. Betri ikiisha, alisoma mwenyewe kutoka kijitabuni.

Tazama basi: teknolojia ile kongwe ilikuja na kitu ambacho kishikwambi kilikikosa. Ilikuja na mwongozo wa *kabla, wakati na baada*, uliofungamana na somo mahususi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, taifa lilirudi kwa redio ileile na vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Mara hii, hata hivyo, mtoto alikuwa nyumbani, mwalimu hakuwepo kumtayarisha wala kumbana. Wazazi wengi wa huku milimani watakwambia redio ilizungumza na kuku.

Tunao pia mfano wa karibu wa jinsi ya kufanya kazi hii vizuri. Mwaka 1998, Kenya kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA ilianza mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi waliokwisha kuwa kazini. Mradi huo ndio uliozaa kituo cha CEMASTEA. Falsafa yake ilikuwa rahisi kuikumbuka: panga, tenda, tazama, boresha. Mwalimu alipanga somo, akalifunza wenzake wakitazama, wakakaa chini kulijadili, kisha akalirekebisha. Tena aliambiwa asingoje maabara, atumie vilivyopo. Mradi huo haukumhusu mwalimu wa Kiswahili. Ni kana kwamba lugha hujifunza yenyewe kama kupiga miayo.

Na somo la lugha lina ugumu wake wa kipekee katika teknolojia. Fungua programu ya kuchapa, andika "wanafunzi waliochelewa wameadhibiwa", uone mistari myekundu ikitambaa chini ya kila neno kana kwamba umekosea. Programu nyingi zimeundwa kwa lugha ya wengine. Mwanafunzi asiye na mwalimu aliye macho ataanza kuamini kwamba Kiswahili sanifu ndicho kosa. Siku hizi kuna pia programu za akili unde zinazoandika insha kwa sekunde chache. Nilijaribu mojawapo, nikaiomba methali kumi za Kiswahili kuhusu elimu. Sita nilizifahamu. Nne zilikuwa zimetungwa papo hapo, zikavishwa kanzu ya wahenga. Mwalimu aliyepewa ujuzi angeligeuza kosa hilo kuwa somo zuri: wanafunzi, tafuteni methali za uongo, mweleze mlizijuaje. Mwalimu asiyepewa ujuzi atazinakili katika andalio la somo, na baada ya miaka mitano zitakuwa katika mtihani.

Sisi wasomi nasi tumechangia kwa namna yetu. Tumebishana miongo na miongo kama ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Ubishi huo una nafasi yake, nami nimeushiriki. Lakini mwalimu wa Mikinduri hajali sana chombo kinaitwaje kama hajaonyeshwa jinsi kinavyoweza kumsaidia mtoto kutofautisha doa na ndoa.

Na hapa sharti nijikosoe hadharani. Baada ya somo lile la Nchiru, niliketi na yule kijana chini ya mti. Nikamuuliza kwa nini hakuwatamkisha wanafunzi hata mara moja, ilhali mada ni matamshi. Alisita, kisha akasema kwa adabu: "Prof, kwenye fomu yako kuna alama za nyenzo za kidijitali. Nilijua bila slaidi ningezikosa."

Nikaitazama fomu. Kweli, kulikuwa na mstari huo. Uliuliza kama mwalimu *ametumia* nyenzo za kidijitali. Haukuuliza kama nyenzo hizo zimemsaidia mwanafunzi yeyote kujifunza chochote. Kwa fomu ile, kijana wa slaidi 38 angepata alama kamili katika mstari huo, na yule mama wa Embu, ambaye simu yake ilizungumza dakika saba, labda angepata nusu. Slaidi zile hazikuwa za wanafunzi. Zilikuwa zangu mimi. Nilikuwa nimemfundisha kufunza mkaguzi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaowalaumu walimu kwa kudai wanaogopa mashine. Mwalimu hufuata kinachohesabiwa. Tukihesabu waya, atatuletea waya.

Tufanyeje basi? Kwanza, tubadilishe swali katika maandalio ya somo na katika fomu za ukaguzi, vyuoni na wizarani. Badala ya "umetumia kifaa gani?", tuulize mambo mawili: "Wanafunzi hukwama wapi katika mada hii? Kifaa hiki kinafanya nini hapo ambacho chaki haiwezi?" Mwalimu akikosa jibu, aache kifaa mfukoni, na asipoteze alama hata moja kwa kukiacha.

Pili, mafunzo yafanyiwe shuleni, kwa mada halisi, na walimu wa somo moja. Walimu watano wa Kiswahili wa shule jirani, tuseme za Nchiru, Kianjai na Muriri, wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi na mada moja ngumu. Mmoja anafunza, wanne wanatazama, kisha wanajadili. Mwezi huu ni kurekodi matamshi. Mwezi ujao ni kumrekodi nyanya wa kijiji akisimulia ngano, ili fasihi simulizi isifunzwe kwa kukariri sifa za ngano bila kuisikia ngano. Warsha ya siku tatu hotelini haiwezi kushindana na hilo.

Tatu, kila somo la teknolojia liwe na mpango wa stima kupotea. Huu si mzaha. Kijijini stima hupotea. Mwalimu anayejua lengo la somo lake ataendelea kwa ubao. Anayejua slaidi tu atasimama.

Nne, gharama isimwangukie mwalimu. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipozindua mafunzo endelevu ya kitaaluma ambayo mwalimu angejilipia Sh6,000 kwa mwaka, malalamiko yalisikika kila kona, nayo yalikuwa na haki. Mwalimu yuleyule ndiye anayenunua bando kwa pesa zake ili apakue video ya dakika nne. Ukitaka fundi ajenge nyumba yako, humwagizi anunue na saruji.

Kuna atakayeniambia: lakini Profesa, bila vifaa ujuzi utatumika wapi? Nakubali. Kucha bila upele nazo hazina kazi. Shule ambazo hazina hata redio zipo, na sidai zingoje. Ninachodai ni kwamba shilingi moja ya kifaa iende bega kwa bega na shilingi moja ya mwalimu, na ya mwalimu isiwe ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Hapa Nchiru ndipo palipo makao ya wazee wa Njuri Ncheke. Kila nipitapo karibu nayo hukumbuka kwamba baraza la wazee husikiliza kwanza ndipo hutoa uamuzi. Tangu ahadi ya mwaka 2013, uamuzi kuhusu teknolojia shuleni umetolewa mara nyingi. Kusikiliza, hasa kumsikiliza mwalimu wa darasani, bado.

Kuhusu yule kijana, nilirudi kumkagua baada ya wiki mbili. Siku hiyo stima ilikuwepo, inawaka vizuri. Kipakatalishi hakukileta. Aliwagawa wanafunzi wawili wawili wakipeana migongo, mmoja anatamka, mwenzake anaandika alichosikia. Mwishoni akatoa simu mfukoni na kurekodi jozi tatu tu. Darasa lilikuwa na kelele kama soko la Muriri, nami nikafurahi.

Nilipofika kwenye mstari wa nyenzo za kidijitali katika fomu, niliukata kwa kalamu, nikaandika pembeni: "Wanafunzi wametamka." Nikampa alama zote.